Ujamiishaji, Malezi au Ufundaji? Uhakiki wa Istilahi za Msingi za Sosholojia

Kila taaluma inayohamia katika Kiswahili huja na matatizo yake ya istilahi, lakini matatizo ya sosholojia yana sura ya peke yake. Mwanakemia anapotafuta jina la oksijeni hana mshindani; hakuna mzee aliyekuwa na neno lake la zamani kwa kitu hicho, na kwa hiyo jina litakalotolewa aghalabu litapokewa. Mwanasosholojia yumo katika hali nyingine kabisa. Mambo anayoyataja, yaani ndoa, ukoo, adabu, rika, malezi na desturi, ni mambo ambayo watu huyazungumza tangu alfajiri hadi usiku, na kila mtu ana maneno yake kwayo. Hapo mtunga istilahi haingii katika kiwanja kitupu. Huingia katika nyumba yenye wenyewe, na hana budi kupiga hodi.

Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza maneno machache ya msingi ya taaluma hiyo kama yanavyotumika hivi sasa katika vitini vya vyuo, katika semina za wazazi na katika maandishi ya maofisa wa maendeleo ya jamii. Hatutatoa orodha kamili. Tutakaa zaidi juu ya dhana moja, ile ambayo wahadhiri wetu huitamka 'sosholaizesheni', kwa kuwa hiyo ndiyo iliyotafsiriwa vibaya kuliko zote, na ndiyo yenye madhara makubwa ikikosewa. Nyingine tutazipitia kwa kadiri zinavyotusaidia kuifikia hiyo.

Mifano yetu mingi tumeitoa Kibamba, kwa sababu inayofaa kuelezwa. Kibamba iko kando ya barabara ya Morogoro, zaidi ya kilomita 20 kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kwa miaka mingi ilihesabiwa katika Kinondoni, na tangu Manispaa ya Ubungo ilipoanzishwa mwaka 2016 imo katika manispaa hiyo. Ardhi yake kwa asili ni ya Wazaramo. Lakini leo nyumba ya Mzaramo imepakana na ya Mchaga, na ya Mchaga imepakana na ya Mnyakyusa, na watoto wa nyumba zote tatu hucheza pamoja kwa Kiswahili. Sensa ya Agosti 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ni makazi ya pembezoni ya namna hii, upande wa Temeke kama upande wa Ubungo, yanayozidi kutanuka. Istilahi ya sosholojia isiyoeleweka Kibamba ni vigumu kutumaini kwamba itaeleweka kwingineko, maana hapo Kiswahili ndiyo lugha ambayo kwayo mtoto hukanywa, hubembelezwa na hutaniwa.

Jina la taaluma yenyewe halitatuchelewesha. Auguste Comte alipoliunda mwaka 1839 aliunganisha kipande cha Kilatini na kipande cha Kigiriki, na wapo wasomi wa Ulaya waliolalamika kwamba neno hilo ni chotara. Chotara huyo ameishi. Kwa Kiswahili tunayo 'sosholojia' na 'elimujamii', na hatuoni kosa katika lolote kati ya hayo mawili. Ila tunapendelea la kwanza, kwa sababu la pili hugongana na 'elimu ya jamii', yaani elimu inayotolewa kwa watu wote, na pia hukaa karibu mno na somo la Maarifa ya Jamii la shule za msingi.

Zito zaidi ni neno 'utamaduni'. Asili yake ni Kiarabu, katika shina lile lile lililotupa 'Madina', na maana yake ya kwanza ni hali ya kukaa mjini na kupata taratibu za mjini. Waarabu wenyewe kwa dhana tunayoizungumzia hapa hutumia neno jingine. Sisi tulilitwaa neno la mji, kisha tukalipa kazi ambayo waliolitunga hawakuitazamia, maana leo ukitaja 'kikundi cha utamaduni' mahali popote nchini, msikilizaji huona ngoma, njuga na mavazi ya ukindu. Neno lililozaliwa mjini limekuwa jina la burudani ya kijijini! Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, alikuwa na maana pana zaidi ya hiyo. Lakini tangu wakati huo shughuli za utamaduni katika wilaya nyingi zimeonekana hasa katika mapokezi ya wageni, na macho ya watu yamefundisha masikio yao.

Madhara yake kwa sosholojia yanaonekana mara moja. Mtafiti akiuliza Kibamba, 'Utamaduni wa Wazaramo ni upi?', atajibiwa mdundiko. Jibu hilo ni sahihi na halimsaidii. Edward Tylor, katika kitabu chake cha mwaka 1871, aliiweka chini ya dhana hii jumla ya maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na uwezo wote ambao mtu huupata kwa kuwa mwanajamii. Kwa maana hiyo namna abiria wanavyosukumana kuingia katika daladala pale kituoni ni utamaduni. Na namna wanavyonyamaza mama mwenye mtoto mgongoni anapopandishwa mbele ya wote ni utamaduni pia.

Wako wanaopendekeza tulitupe neno hilo na kutafuta jingine. Hatukubaliani nao. Neno likishaingia katika majina ya wizara, ya sera na ya vyeo halitupwi kwa makala moja. Dawa tunayoiona ni kuliondoa pale lisipohitajika: ngoma ziitwe ngoma za asili au za jadi, na 'utamaduni' libakie jina la jumla. Kadhalika tunaupokea wingi 'tamaduni', ambao wapo wazee wa lugha waliotuonya juu yake kwamba majina ya dhahania ya namna hii hayana wingi. Sosholojia hulinganisha, na anayelinganisha hana budi kuhesabu.

Jozi ya 'mila na desturi' nayo imetamkwa pamoja kwa muda mrefu hata imekuwa kama neno moja, nasi tumesahau kwamba ni mawili. William Graham Sumner, mwaka 1906, alitofautisha mazoea ambayo mtu akiyaacha huchekwa tu na yale ambayo akiyaacha hukasirikiwa na jamii nzima. Kiswahili kina ngazi hizo tayari, tena kina zaidi: anayekula ugali kwa kijiko ameacha desturi, anayekataa kuhudhuria msiba wa jirani ameacha mila, anayemwoa bintiye amevunja mwiko. Vitini vingi tulivyovisoma huzichanganya ngazi zote tatu chini ya 'mila na desturi', kisha hulalamika kwamba Kiswahili hakina maneno.

Lakini lipo jambo moja katika sehemu hii ambalo linastahili sifa, nalo ni jinsi 'kaida' ilivyotengwa na 'kawaida'. Maneno haya mawili kwa asili ni umoja na wingi wa neno moja la Kiarabu. Katika Kiswahili yameachana. 'Kawaida' ni lile ambalo watu wengi hulitenda; 'kaida' ni lile ambalo watu huambiwa walitende. Ni kawaida kwa kijana wa Kibamba kumpita mzee bila kumwamkia akiwa na simu sikioni, na ni kaida amwamkie 'shikamoo'. Lugha ngapi zina tofauti hiyo iliyo wazi hivyo katika maneno mawili yanayopishana kwa silabi moja? Aliyeanza kulitumia 'kaida' kwa maana hii alikuwa na sikio zuri, nasi twamwombea asisahauliwe.

'Taasisi' tutaipita upesi. Inatatiza kwa kuwa ndoa huitwa taasisi na chuo chenye mlinzi getini huitwa taasisi pia. Hata hivyo muktadha hutosha kuzitenganisha. 'Tabaka' ni safi. 'Rika' ni zuri mno, tena ni la Kibantu. 'Hadhi' na 'dhima' zinafaa, ilimradi waandishi waache kuandika 'wajibu' kila wanapokusudia 'dhima': baba mlevi asiyetimiza wajibu wowote bado anayo dhima ya ubaba, na hapo ndipo penye tatizo analolichunguza mwanasosholojia.

Sasa tuiendee dhana yenyewe. Sosholojia inapozungumza juu ya 'sosholaizesheni' inakusudia mwendo wote ambao mtu, aliyezaliwa hajui lolote, hupitia mpaka akawa mtu wa watu fulani: akajua lugha yao, salamu zao, haya zao, chakula chao na hofu zao, akayaona yote hayo kuwa yake. Émile Durkheim, ambaye kitabu chake juu ya elimu na sosholojia kilichapishwa mwaka 1922, miaka mitano baada ya kifo chake, aliitazama zaidi kama kazi ambayo kizazi cha watu wazima hukifanyia kizazi ambacho hakijawa tayari kwa maisha ya jamii. George Herbert Mead, ambaye mihadhara yake ilitoka mwaka 1934, aliongeza jambo ambalo kila mzazi hulishuhudia uani: kwamba mtoto hujifunza pia katika mchezo, bila ya mtu mzima kumwelekeza. Watoto wa Kibamba wanapocheza mchezo wa kujipikilisha, mmoja baba, mmoja mama, mmoja mgeni aliyekuja bila taarifa, na wakati mwingine mmoja akawa kondakta anayewadai wenzake nauli kwa majani ya mwembe, hapo wanajivika dhima za watu wazima na kuzipima kama zinawaenea.

Kwa dhana hii tafsiri iliyoenea katika vitini ni 'ujamiishaji'. Kwa maoni yetu tafsiri hii haifai, na tutaeleza kwa nini bila ya kuzunguka.

Tulihudhuria semina moja ya wazazi huko Kibamba, ambapo mwezeshaji, mtu msomi na mwenye nia njema, alisema kwamba ujamiishaji wa mtoto huanzia nyumbani. Kinamama waliokaa mbele walitazamana. Mmoja wao alijifunika mdomo kwa upindo wa khanga. Kisha mzee mmoja alisimama akasema kwa upole, 'Samahani, mwalimu, hapo mtoto umesema afanywe nini?' Mwezeshaji alilirudia neno lile lile, kwa sauti kubwa zaidi.

Wapo watakaosema kwamba waliocheka walikuwa na mawazo mabaya. Sivyo, walikuwa na sarufi nzuri. Katika Kiswahili 'jamii' ni jina, na ni kitenzi pia. Na kitenzi hicho kwa miaka mingi kimekuwa na maana ya tendo la ndoa. Kamusi zetu zinakionyesha, na ile sheria ya mwaka 1998 iliyoweka adhabu kali kwa wabakaji inajulikana nchini kote kwa jina la Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Mtu akikitwaa kitenzi hicho na kukitia kiambishi cha kusababisha, msikilizaji anayekijua Kiswahili hana njia ila kusikia alichokisikia yule mzee. Tena ni katika mazungumzo juu ya watoto! Kama ingekuwa istilahi ya uhandisi wa madaraja tungeweza kuvumilia.

Shina hilo lina tatizo la pili, dogo kuliko la kwanza. Kutoka humo tumepata 'jamii', 'jamaa', 'jumuiya' na 'Ijumaa' (wanaoongeza 'jumla' na 'jamhuri' wanakosea, hayo yana mashina yake mengine), na kutoka katika 'jamaa' tumepata 'ujamaa', ambao tangu mwaka 1962 umekuwa jina la siasa yetu ya uchumi. Neno la Kiingereza tunalolishughulikia hapa lina maana nyingine, ile ya kuweka mali chini ya umma, na kwa maana hiyo sisi tulikwisha kulipata 'kutaifisha' katika siku za Azimio la Arusha mwaka 1967. Vijana waliosoma vitini viwili kwa siku moja, kimoja cha historia ya uchumi na kingine cha sosholojia, wametuuliza kama ujamiishaji ni sera iliyofutwa.

Mengine yaliyopendekezwa hayana bahati zaidi. 'Ujumuishaji' umekwisha kuajiriwa na wenzetu wa elimu jumuishi. 'Utangamanishaji' unatukumbusha mtangamano wa Afrika Mashariki. 'Usosholaishaji' ni neno ambalo aliyelitunga hakulisema kwa sauti kabla ya kuliandika.

Linabaki 'malezi', na hili ndilo walilo nalo watu wenyewe. Mtu akiuliza Kibamba kwa nini watoto wa nyumba hii wana adabu na wa nyumba ile hawana, jibu litakuwa neno hilo moja. Kwa muda mrefu nasi tulielekea kulipendekeza. Tumelikataa kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya kikazi. Mwezi Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Jina hilo, pamoja na urefu wake, ni kazi nzuri ya istilahi: limetenga malezi, yaani wanayoyafanya wakubwa, na makuzi, yaani yanayomtokea mtoto mwenyewe. Humo malezi yamefafanuliwa kwa afya, lishe, ulinzi, ujifunzaji wa awali na mwitikio wa mlezi kwa mtoto, tena kwa miaka ya mwanzo ya uhai. Neno likishapewa mipaka iliyo wazi hivyo katika mpango wa taifa, si busara kulitwisha tena mzigo wa dhana inayomfuata mtu hadi uzeeni. Mjane anayejifunza kuwa mjane, kijana anayejifunza kuwa askari, mhamiaji kutoka Kagera anayejifunza kuwa mtu wa Dar es Salaam, hao hatuwezi kusema wamo katika malezi.

Ya pili tunaiona kuwa kubwa zaidi. 'Malezi' lina mwenyewe, naye ni mama. Mtoto akiharibika, swali linaloulizwa mtaani ni 'Amelelewa na nani?', na macho hugeukia jikoni. Husemwa kwa mzaha kwamba mtoto mwema ni wa baba na mtoto mbaya ni wa mama, na mzaha huo wengi huuamini. Sasa mtazame mama wa Kibamba anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awahi gari la mjini, na kurudi jua likiwa limekwisha kuzama. Kati ya saa hizo mtoto wake huwa na mwalimu, na wenzake wa rika, na kondakta anayemwamuru asimame ampishe abiria mwenye nauli kamili, na runinga ya jirani, na fundi wa pikipiki aliye kijiweni na maneno yake. Wote hao wanamfanya mtoto yule kuwa mtu wa namna fulani. Faida moja kubwa ya sosholojia ni kwamba inatuonyesha mkono wa hao wote. Tukiitafsiri dhana yake kwa neno linalomtaja mama peke yake, tumeipokea taaluma na tumeitupa faida yake, na yule mama aliyekuja katika semina kutafuta msaada atarudi nyumbani na lawama.

Tunachokitafuta basi ni neno lenye mambo matatu: litaje kazi ya kumfanya mtu awe mtu kati ya watu, lisimfunge mtendaji kuwa mzazi, na liweze kubeba hata mafunzo ambayo hakuna aliyeyakusudia.

Neno hilo tunalo. Ni 'kufunda'.

Maana ya kwanza inayokuja akilini ni ile ya jando na unyago, na ni vizuri tuanzie hapo. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi kati ya Wazaramo wa pwani katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1970, ameeleza kwa kirefu jinsi mwali alivyowekwa ndani, jinsi alivyopewa mwana hiti, yaani kinyago kidogo cha mti, akitunze kama atakavyomtunza mtoto wake, na jinsi alivyotolewa mbele ya watu akiwa mtu mwingine. Katika mwendo wote huo yupo kungwi, wapo mashangazi na bibi, wapo wenzake waliomtangulia, zipo nyimbo na upo mti wa mkole. Jambo la kuangaliwa ni kwamba mama mzazi siye anayemfunda bintiye. Kazi hiyo huikabidhi kwa wengine, na ni aibu kuifanya mwenyewe. Yaani katika asili ya neno lenyewe mna wazo hilo hilo la Durkheim kwamba ni jamii inayomfanya mtu, na limekuwamo kabla ya kitabu chake kufika pwani yetu.

Sharti la tatu linatimizwa na methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. 'Funza' na 'funda' ni ndugu wa shina moja. Methali hii aghalabu hutumiwa kama kitisho, lakini ukiitazama kwa jicho la taaluma utaona kwamba ndani yake mna wafundaji wawili. Wa kwanza ni mama, aliye karibu, anayejua anachokifanya. Wa pili ni ulimwengu, ambao haukukusudia kumfunza mtu yeyote, na bado hufunza. Vitabu vya sosholojia huwaita wa awali na wa baadaye na kutumia kurasa nyingi.

Kwa hiyo tunapendekeza 'ufundaji' kwa kazi yenyewe ikitazamwa upande wa jamii, na 'ufundwaji' ikitazamwa upande wa anayepitia. Familia, rika, shule, misikiti na makanisa, redio na simu ziitwe 'wafundaji'. Vitini vya sasa huwaita 'mawakala wa ujamiishaji', na pale Kibamba wakala ni mtu mwenye meza na mwavuli anayekutolea fedha kwenye simu. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba familia ni wakala atauliza kamisheni yake ni kiasi gani. Ufundaji wa utotoni uitwe 'ufundaji wa awali'. Ule wa mtu mzima anayevuliwa mazoea ya zamani na kuvikwa mapya uitwe 'ufundaji upya', na mfano wake tunao karibu: Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, ambamo kijana aliyetoka shuleni hunyolewa, hupewa sare na ratiba, na hutoka akitembea kwa namna nyingine. Utaratibu wa lazima kwa wahitimu ulisimamishwa mwaka 1994 ukarejeshwa mwaka 2013, na hivyo wapo ndugu wa tumbo moja ambao mmoja amefundwa hivyo na mwingine hakufundwa. Mtafiti atakayewalinganisha atakuwa na kazi nzuri.

Tunatazamia hoja dhidi yetu, nazo tumekwisha kuzisikia katika vikao. Inasemwa kwamba tumekataa 'ujamiishaji' kwa kuwa unanuka chumbani, kisha tumeleta neno la unyago, ambako mambo ya chumbani husemwa wazi kuliko mahali pengine popote. Hoja hiyo ni ya werevu, lakini inachanganya jina la tendo na jina la somo. 'Kujamii' ni tendo lenyewe. 'Kufunda' ni kufundisha, na katika yanayofundishwa mna heshima kwa wakwe, usafi, kutunza siri ya nyumba, kuamkia, kujizuia, pamoja na hayo ya chumbani. Zaidi ya hayo, neno hili limekwisha kutoka unyagoni kwa miguu yake lenyewe. Katika sherehe ambazo mjini huitwa kichenipati, bibi harusi wa Kikristo kutoka Kilimanjaro huketi kwenye mkeka mbele ya somo wa pwani, na hakuna anayeona ajabu akiambiwa kwamba leo anafundwa. Na kijana wa kiume anayepita bila kuamkia husemwa kwamba hakufundwa, wala anayesema hivyo hakusudii kuuliza kama alikwenda jandoni.

Hoja nyingine ni kwamba 'ufundaji' utachanganywa na 'ufundi', au na ule ufundaji wa kutwanga kwa mchi. Hii ina uzito kidogo. Katika sentensi, hata hivyo, mchanganyiko huo hauonekani: 'ufundaji wa mtoto' haumfanyi mtu afikirie seremala. Na ukaribu wake na 'fundisha', 'mwanafunzi', 'jifunza' na 'fundi' sisi tunauhesabu kuwa msaada, kwa kuwa mwanafunzi huliona neno jipya likiwa limekaa kati ya jamaa zake.

Ipo hoja ya tatu, ambayo husemwa kwa sauti ya chini, kwamba neno la makungwi halina hadhi ya chuo kikuu. Hiyo hatutaijibu kwa urefu. Wanaisimu wetu walilichukua 'ngeli' kutoka kwa Wahaya na Serikali ililichukua 'Ikulu' kutoka kwa Wanyamwezi, na mpaka sasa hatujasikia kwamba Ikulu imepungukiwa na hadhi. Kanuni inayotuongoza katika kazi hii ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha jirani za Kibantu, kabla ya kuvuka bahari. Safari hii hatukuhitaji hata kutoka ndani ya nyumba.

Hapana budi tuseme neno la mwisho juu ya dhana inayofuatana na hii katika kila kitabu, yaani hali ya mtu aliyefundwa na bado akaenda kinyume cha kaida. Wengi huandika 'upotofu', na wengine 'uhalifu'. La kwanza linahukumu kabla ya kuchunguza, na la pili ni mali ya sheria. Binti anayefanya kazi ya ukondakta katika gari la Kibamba ameacha kaida inayowatazamia wasichana wa rika lake, lakini hakupotoka wala hakuvunja sheria yoyote. Kitenzi 'kukengeuka', yaani kuiacha njia iliyonyooka na kushika ya pembeni, kinaieleza hali yake bila ya kumtukana. Katika jedwali linalotayarishwa tumeliweka 'ukengeufu' mahali pa 'upotofu', na mbele ya 'ufundaji' tumeacha nafasi tupu ya maoni ya wasomaji, hasa ya wale wanaofundisha somo hili kwa Kiswahili na ambao wataweza kutuambia walilisema neno hili mbele ya nani na lilipokewaje.